Kiingereza cha Chumba cha Saba

Kila asubuhi, kabla ya kugusa maji, Thacienne alitenganisha nguo za hoteli: mashuka huku, taulo kule, na foronya za mito peke yake juu ya meza. Foronya hazichanganywi na vitu vingine kwa sababu ya lugha. Mgeni akilala, maneno yaliyombaki mdomoni yanachuruzika polepole na kuingia kwenye kitambaa, na yasipotolewa vizuri, mgeni anayefuata anaamka akimsalimia mke wake kwa Kikorea. Hilo liliwahi kutokea. Hoteli iliwapa wale wenye ndoa chakula cha mchana bure na mambo yakaisha.

Kwa hiyo kila lugha ilikuwa na dawa yake. Kijerumani kinatoka kwa sabuni ya kawaida, mara moja, bila ubishi. Kichina kinataka jua la saa sita. Kiswahili cha wafanyabiashara wa Goma hakitoki kabisa, ila hakimsumbui mtu, basi kinaachwa. Kigumu ni Kifaransa. Kinaingia mpaka ndani ya uzi, hakisikii sabuni wala brashi, kinataka javel, ile dawa kali ya kung'arisha nguo, na javel nyingi, kwenye maji ya baridi, kwa mikono mitupu. Na wageni wa Kifaransa hoteli ile haikuwahi kuwakosa.

Mikono ya Thacienne ilikuwa imepasuka kama viazi vilivyosahauliwa jikoni. Daktari wa kituo cha afya aliigeuza huku na huku akasema: maji ya moto na glavu, au uache hiyo kazi, la sivyo hivi vidole vitakataa kujikunja. Vilikuwa vimeshaanza kukataa. Vifungo vya blauzi ya kazi alifungiwa na Kabatesi, mpiga pasi, aliyezaliwa Majengo kwenye nyumba ambayo hata paka anafukuzwa kwa Kiswahili.

Kinachochekesha ni kwamba Thacienne alitoka Nyamyumba, ambako maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto na watu wanakaa ndani yake kutibu migongo. Kila alfajiri aliyaacha hapo yakichemka bure, akapanda pikipiki kuja mjini kufua kwa maji ya baridi.

Meneja alikuwa anaitwa Kenny, mtu mwenye heshima zake, aliyekulia Uganda na kurudi na Kiingereza kizuri. Thacienne alimwomba glavu kwa Kiswahili, Kenny akajibu, "Tutaona." Akamwomba kwa Kinyarwanda, Kenny akajibu, "Ejo." Na kwa kuwa ejo kwa Kinyarwanda ni kesho na ni jana pia, hakuna aliyeweza kumshika kwa uongo. Huenda glavu zilikuja jana.

Halafu Teta wa mapokezi akaolewa Kigali, kiti chake kikabaki wazi. Kenny akatangaza kwamba mwenye Kiingereza yeyote ajaribu, hata wa kufua.

"We unataka ile kiti?" Kabatesi akauliza. "Kiti yenye kuzunguka?"

"Mi nataka fasi yenye haina maji."

"Na Kingereza utatoa wapi, mama?"

Thacienne akaangalia meza ya foronya.

"Ah ah," Kabatesi akasema. "Iko hatari, sha. Unakumbuka ile siku nililalia foronya ya bale mainjinia ya Chine? Nilihesabu kokoto kwa Kichina mpaka jioni."

"Nilikusikia. Ulikuwa unahesabu muzuri."

Namna yenyewe ni rahisi. Unachukua foronya kabla haijaguswa na maji, unaweka kichwa wakati wa mapumziko ya mchana, unasinzia. Lugha inaingia kwa sikio lililoko chini. Inakaa mdomoni mpaka usiku, ukilala kwenye mto wako wa nyumbani, mto unakurudishia Kinyarwanda chako kamili na hesabu zinakuwa sawa.

Kiingereza kilipatikana chumba cha saba tu. Kenny aliwaweka wageni wa Kiingereza wote huko kwa sababu chumba kiko juu ya ofisi yake, na alipenda kujua mapema kinachowaudhi. Wiki hiyo alikuwamo bibi mmoja wa Uingereza, mwembamba, mwenye kofia. Thacienne akalalia foronya yake baada ya maharagwe ya mchana. Alipoamka, ulimi ulikuwa mwepesi na pua imebana kidogo. Akajipangusa nguo, akapanda ngazi.

Kenny alikuwa nyuma ya meza. "Karibu," akasema kwa Kiingereza. "Tuambie, wewe ni nani?"

Thacienne alitaka kusema kwamba anaitwa Thacienne Mukamurenzi, kwamba ana watoto wawili, kwamba hajawahi kuchelewa kazini ila siku ile ya mafuriko. Lakini maneno hayo hayakuwemo kwenye foronya. Mtu anapolala, jina lake halimbaki mdomoni. Kinachombaki ni supu.

"Ninasikitika kulazimika kulisema hili," alisema, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, "lakini nimesimama hapa kwa muda, na hakuna aliyeona inafaa kunipa kiti."

Kenny akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akaizunguka meza, akamvutia kiti chake mwenyewe.

"Samahani sana, madam. Na kwa nini ungependa kufanya kazi na sisi?"

"Supu ilikuwa ya baridi. Sisemi hivi ili kumuumiza mtu yeyote. Ila ilikuwa ya baridi."

Kenny akaomba radhi kwa niaba ya jikoni. Akamwita Igor, mhudumu wa mezani, akamwagiza juisi ya marakuja, yaani pasheni, na sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwa lile, akamsindikiza Thacienne hadi kwenye baraza la ziwani akimshikia mwavuli, ingawa mvua haikuwepo. Thacienne alikaa pale na aproni yake yenye madoa ya javel, akitazama maji. Mambo hayakwenda alivyotaka, lakini sambaza zilikuwa za moto. Igor alipopita, mdomo wa Thacienne ukamwambia kwamba chumvi ni kidogo. Igor akakimbia kuleta chumvi.

Jioni, njiani, akamlalamikia dereva wa pikipiki kuhusu mwendo. Dereva akasimama, akafungua begi, akampa kofia ngumu mpya, ile ya wageni.

Kazi alipewa Igor. Kenny aliwaeleza watu kwamba yule wa kufua hakutokea, alitokea mgeni tu, tena mgeni aliyekasirika, na Igor ndiye aliyemtuliza. Igor alikuwa na maneno matatu ya Kiingereza: karibu, samahani, na asubuhi. Yakaonekana yanatosha.

"Bon," Kabatesi alisema kesho yake, akimfunga vifungo. "Donc ile Kingereza inajua kulalamika tu."

"Tu."

"Na sisi tuko na malalamiko. Sasa shida iko wapi?"

Thacienne akafikiri, akaona shida haipo. Mchana akalalia tena foronya ya bibi yule, akapanda ngazi, akamwambia Kenny kwamba anasikitika sana, ila maji ya hapa yanamla ngozi, na angeshukuru kupata glavu. Kenny akashika kichwa. Akamtuma Igor kwenye duka kubwa, si sokoni. Igor akarudi na glavu nene za mpira, za rangi ya waridi, zenye pamba ndani. Akazipitisha mbele ya mlango wa kufulia, akawasalimu, akazipandisha chumba cha saba. Akazilaza juu ya kitanda na ua moja katikati.

Labda ni bahati mbaya, wakasema. Siku iliyofuata Thacienne akalalamika kwamba maji ni ya baridi. Mafundi wawili wakaja na mashine mpya ya kuchemsha maji, wakasimama kwenye mlango wa kufulia, wakaomba kuelekezwa chumba cha saba. Kabatesi akawaelekeza. Angefanya nini? Walikuwa wamebeba kitu kizito.

Baadaye Kabatesi akaenda mwenyewe kwa Kenny, kwa Kiswahili cha kwao, akiwa bado ameshika pasi.

"Patron, zile glavu ziko ku chumba ya saba. Batupatie."

"Zile ni za wageni."

"Mugeni iko nafua?"

"Mgeni aliomba."

"Hata sisi tuliomba."

"Ninyi mliomba kwa Kiswahili," Kenny akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ya kwenda sokoni. Malalamiko ya Kiingereza yanatoka chumba cha saba, na yanatengenezwa chumba cha saba. Yangetengenezwa wapi kwingine?

Habari zikaenea kwa wafanyakazi hata hivyo, maana mtu anayesikilizwa ni mtu wa kutumwa. Mtunza bustani akaja na habari za mabuti yaliyotoboka na toroli lisilo na gurudumu. Mlinzi akataka blanketi na jiko la kuota moto. Mpishi alikuwa anakata vitunguu kwa kisu kisichoweza kukata maji. Thacienne akayapeleka yote, moja baada ya jingine, kwa masikitiko makubwa na shukrani za mapema. Kenny akaomba radhi kwa kila moja. Vitu vikaja, vikapanda ngazi.

Chumba cha saba kikawa na mabuti mapya ya mpira kando ya kitanda, jiko la mkaa kwenye baraza, kisu cha nyama kwenye sahani ya matunda, na toroli lililoegeshwa karibu na kabati. Wageni hawakushangaa. Waliona hoteli inajali. Mama na baba kutoka Kanada walilitumia toroli kubebea masanduku yao, wakapiga picha. Mwanafunzi mmoja mrefu alioga akiwa amevaa glavu, na akatoka bafuni ameridhika.

Mlinzi aliendelea kuota baridi. Mtunza bustani akaweka mifuko ya nailoni ndani ya mabuti yake. Kuhusu vidole vya Thacienne, sasa hata kijiko kilimsumbua, na Kabatesi alianza kumshikia kikombe cha chai bila kuulizwa.

Lakini wote walikuwa na subira, kwa sababu Kenny alikuwa ametangaza kwamba mwenye hoteli amepiga simu kutoka Kigali. Meneja lazima ashuke mwenyewe mpaka kwenye chumba cha kufulia, asikilize shida za wafanyakazi palepale zilipo. Kikao kitakuwa kwa Kiingereza. Wakaelewana haraka. Akiwa amesimama kwenye maji yale yale, na lalamiko linatoka mbele ya macho yake, Kenny hataweza kulipandisha juu. Thacienne atasema, wengine watanyamaza.

Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi Thacienne, na hakukisema. Foronya za chumba cha saba zilikuwa zinapungua nguvu. Mwanzoni zilishuka na supu, na kelele za bomba, na mende aliyeonekana bafuni. Halafu zikashuka na mto ulio laini mno. Kisha kukaja moja ambayo, alipoilalia, alipata lalamiko dogo tu kuhusu ndege wanaoanza kuimba mapema. Chumba kilikuwa kimetengenezwa sana.

Siku ya kikao alichagua ile iliyokuwa na mikunjo mingi, akiamini aliyeilalia hakupata usingizi. Akaweka kichwa, akasinzia.

Kenny akashuka na viatu vinavyong'aa, akasimama kwenye saruji yenye maji. Watu wakapanga mstari. "Niko hapa kusikia shida yoyote," akasema kwa Kiingereza. "Yoyote ile. Msiogope."

Wote wakamtazama Thacienne. Akapiga hatua mbele, akanyoosha mikono yake ili ionekane, akafungua mdomo.

"Kila kitu kimekuwa kizuri mno," ukasema mdomo. "Kwa kweli hatujui tuanzie wapi kushukuru."

Akaufunga. Akavuta pumzi, akaufungua upya, akitafuta maji, baridi, javel, ngozi.

"Na hizi taulo. Sijawahi maishani kugusa taulo laini kama hizi. Tafadhali mfikishieni pongezi zetu anayehusika."

Hicho ndicho Kiingereza ambacho mapokezi yalikuwa yanakihitaji. Ila Igor alikuwa ameshakizoea kile kiti.

Macho ya Kenny yakalowa. Akaushika mkono wa Thacienne kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kwa nguvu ya mtu aliyefarijika. Ngozi ikaachia kwenye mpasuko mmoja, damu kidogo ikabaki kwenye kiganja cha meneja. Akajifuta na kitambaa chake cheupe, akakitupia kitambaa kwenye kapu la nguo za kufua, akawageukia wengine.

"Mnaona?" akawaambia kwa Kiswahili, ili wasikie vizuri. "Mwenzenu hana shida."

Akapanda ngazi kwenda kumpigia mwenye hoteli.

Asubuhi iliyofuata Thacienne alifika na Kinyarwanda chake na Kiswahili chake, vyote mahali pake. Kabatesi akamfunga kifungo cha kwanza, cha pili, akasita kwenye cha tatu.

"Jana ulimuambia nini yule mutu?"

"Nilimuambia taulo ziko laini."

Kabatesi akanyoosha mkono kwenye fungu la taulo zilizokauka, akachukua moja, akaikandakanda, akaipitisha shavuni.

"Haukudanganya."

"Ningedanganya namna gani? Ni mi nilizifua," Thacienne akasema. Akachukua foronya ya kwanza ya Kifaransa, akamimina javel, akaingiza mikono majini.