Zamu ya Jumapili Saa Saba

Mke wangu alituma amri yake ya mwisho siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili jioni alikuwa ameshafariki. Moyo ulisimama akiwa anavua viatu mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Ninaandika haya mapema kwa sababu watu wameshaanza kunisimulia siku zile, na kila mmoja ana simulizi yake. Nataka niwe na yangu.

Kazini walimwita Sikio. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba cha kupokea mawimbi, chini ya lile dishi kubwa la chuma linalotazama angani. Mimi ni fundi wa gia za dishi hilo. Natia grisi, nakaza nati, nasikiliza beringi. Wananiita Grisi, na sijawahi kukataa. Nimesoma hadi kidato cha nne. Yeye alisoma kunizidi mbali, ila nyumbani tuligombania rimoti kama watu wengine.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza chombo kimoja kizee kisicho na mtu ndani. Kilirushwa yeye akiwa bado mtoto wa kubebwa mabegani na baba yake, na wengi waliokijenga wako makaburini. Kilizipita sayari moja baada ya nyingine, kikazipiga picha, kikaendelea na safari. Sasa kiko kilomita bilioni ishirini na tano kutoka hapa. Neno likitoka kwetu, hata likikimbia kwa kasi ya mwanga, linatumia saa ishirini na tatu kufika, na jibu linatumia saa ishirini na tatu kurudi. Kwa hiyo pale kituoni tuna kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: aliyetuma ndiye anayepokea. Ukituma amri, siku mbili baadaye unakaa kiti kilekile na kuandika jibu daftarini kwa mkono wako mwenyewe. Watu wameahirisha harusi kwa ajili ya kanuni hiyo.

Wiki tano chombo kilikuwa kimya. Redio yake kuu ilikuwa imekufa, au ilikuwa imegeukia pengine, hakuna aliyejua. Na Jumatatu dishi letu lilikuwa likabidhiwe safari mpya, ile ya watu wanne wanaokwenda kukaa kwenye sayari nyekundu. Wao wanahitaji masikio saa zote. Chombo kizee kisipojibu kabla ya hapo, basi tena.

Ile Ijumaa tulikunywa chai pamoja kwenye ngazi za dishi.

"Nitakiambia kiwashe redio ya akiba," aliniambia. "Haijawashwa tangu mwaka tuliooana."

"Itawaka kweli?"

"Wewe mbona unawaka?" Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akatulia, akatazama juu. "Unajua, mume wangu, nyayo za wale waliotembea mwezini bado ziko palepale. Hakuna upepo wa kuzifuta. Na hawa wanne, wakiongea na mama zao, neno moja dakika ishirini njiani."

"Dakika ishirini nyingi hizo."

"Nyingi? Wewe nikikuita chakula kipo mezani huchukua zaidi."

Akarudi ndani, akatuma. Redio ya akiba ikiwaka, ingetoa sauti kwa dakika kumi tu, kisha ijizime kulinda umeme kidogo uliobaki. Jibu, kama lipo, lingefika Jumapili saa saba mchana.

Jumapili saa tano asubuhi tulimzika.

Nilikuwa nimesimama na koleo mkononi, udongo wa mwisho umeshamiminwa. Nikainua macho niwashukuru watu. Nikamwona Mkuu wa kituo, tai yake imepinda. Nikamwona Redio, mwenzake Sikio wa zamu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hanyamazi, siku hiyo amenyamaza. Nikawaona mafundi umeme wote watatu. Nikamwona hata mlinzi wa getini. Nikatazama saa. Saa sita na dakika tano.

Nikamsogelea Redio. "Dada, kituoni yuko nani?"

"Nani wa zamu?" Akafikiri. "Sikio."

Tukatazamana.

Ubao wa zamu uko ukutani, unaandikwa kwa chaki. Jumapili saa saba mchana kulikuwa na jina lake, kwa mwandiko wake. Kila mmoja alipita pale Jumamosi na kitambaa cha kufutia, na kila mmoja alishindwa kulifuta. Walimwachia zamu yake kwa heshima, na hakuna aliyejiandika badala yake. Maiti ndiye aliyekuwa kazini.

"Mungu wangu," Redio akasema. "Dakika kumi tu zile, kaka. Zikipita, zimepita."

Nikaweka koleo chini. Shangazi yake, aliyemlea, akanidaka mkono kabla sijafika kwenye gari la Mkuu.

"Mkwe, unakwenda wapi? Mume gani anaacha kaburi bichi?"

"Shangazi, kuna jibu lake linakuja. Aliuliza swali Ijumaa."

"Amemwuliza nani?"

Nikamwonyesha juu. Akanitazama kwa muda, akaona sijachanganyikiwa, akafungua mlango wa gari, akaketi mbele. "Haya, endesheni. Mimi nitakaa na nani huku kama wote mnakimbia?"

Dishi lilikuwa limefungwa breki, limetazama juu wima, kama tulivyoliacha. Nikafungua pini nne nikiwa na viatu vya msibani, suruali nyeusi ikaingia grisi hadi magotini. Tani mia tatu zikaanza kuzunguka polepole. Beringi ya mashariki ikalia kidogo, ile ninayoijua, nikaipiga kofi kama kawaida. Saa saba kasoro dakika nane dishi likasimama likiangalia mahali ambapo macho hayaoni kitu.

Ndani, Redio alikuwa ameshawasha mashine. Kiti cha Sikio kilikuwa wazi, sweta yake mgongoni. Hakuna aliyekikalia. Kwenye skrini kulikuwa na mstari wa kijani unaotetemeka, kelele za anga tupu.

"Sasa nielezeni taratibu," Shangazi akasema. "Mtoto wangu alisema neno Ijumaa. Likafika lini?"

"Jana, saa nane mchana," Redio akamjibu.

"Jana alikuwa mochwari."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa hiyo sisi tunalia, tunapanga viti, neno lake liko njiani linakwenda?"

"Lilikuwa linakwenda. Likapita sayari zote, likaendelea."

Shangazi akajishika kifua. Mimi mwenyewe, niliyefanya kazi pale miaka yote ile, sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo hivyo. Wakati namfumba macho, sauti yake ilikuwa imeshafika mbali kuliko mtu yeyote aliyewahi kusafiri. Ilikuwa nzima na inakimbia.

Saa saba kamili. Kelele tupu.

Saa saba na dakika moja. Mkuu akavua tai.

Kisha katikati ya mstari ule pakainuka kinundu, kidogo kama kipele. Redio akaweka kidole kwenye kioo. Kinundu hakikuyumba. Kikapanda, kikachongoka, kikasimama kama sindano.

"Ni yeye," Redio akasema, na machozi yakamtoka. "Redio ya akiba. Imewaka."

Shangazi akainuka kwenye kiti chake. "Kimemsikia?"

"Kimemsikia, mama. Kimemjibu."

Hakuna aliyepiga makofi. Tulisimama wote kama watu waliofunguliwa mlango wa nyumba kubwa kupita kiasi. Nguvu ya sauti ile, Redio aliniambia baadaye, haitoshi hata kumwasha kimulimuli. Ilikuwa imetembea usiku mmoja mrefu usio na asubuhi, ikaja kuangukia kwenye bakuli la chuma nililolitia grisi kwa mikono hii.

Daftari lilikuwa wazi. Upande wa kushoto, mwandiko wake: *Imetumwa, Ijumaa, 9:00.* Upande wa kulia, mstari mtupu. Mkuu akanisogezea kalamu. Nikaandika saa, halafu nikaandika Sikio.

"Sasa lazima kiambiwe kiiwashe tena, safari hii kisiizime," Redio akasema. "Atume nani?"

Mkuu hakusita. "Grisi atume. Jumanne wale wanne watatuachia dishi kwa saa moja. Nitawaomba mwenyewe."

"Mimi ni mtu wa gia, mzee."

"Kubonyeza kitufe kunataka digrii?"

Nikavuta kiti chake, nikakaa, nikaegemea joto la sweta yake, au niliona kama ni joto. Saa nane kamili nikabonyeza. Shangazi akaniwekea mkono begani. "Basi Jumanne saa sita uwe hapa, umeoga na umekula," akasema. "Nitakuja kuhakikisha."

Leo ni Jumanne. Saa tano na nusu. Nimeoga, nimekula. Jina langu liko ubaoni chini ya lake, ambalo bado hakuna aliyelifuta. Shangazi anasinzia kwenye kiti cha Redio, na mstari wa kijani unatetemeka mbele yangu.