Vijiti Vyekundu

Vijiti vinne vilikuwa wima kando ya viota vinne, lakini mayai hayakuwepo hata moja.

Msichana aliyewalinda ndege wa ufukweni pale kambini alichuchumaa kutafuta nyayo za watu. Hakuziona. Wageni wa msimu huu walikuwa waungwana: walipita njia ya mbao, walibeba taka zao mpaka getini, hawakuwasha moto ovyo. Nyayo zilizokuwepo zilikuwa za kunguru, na hazikutangatanga. Zilitoka kijiti cha kwanza zikaenda cha pili, kisha cha tatu, kama za mtu anayegawa magazeti nyumba kwa nyumba.

Alielewa.

Vijiti alivibuni yeye. Ndege wale wadogo, ambao pale kambini huitwa wakimbiaji kwa kuwa hutegemea miguu kuliko mbawa, hutaga mahali pa wazi, mayai yenye rangi ya mchanga, na mtu anaweza kuyakanyaga huku anayatafuta. Chuoni alifundishwa kuwaonya wageni kwa mdomo. Lakini mbele ya wageni maneno yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Basi akachonga vijiti, akavipaka rangi nyekundu, akachomeka kimoja kando ya kila kiota. Wageni wakaviona, wakakwepa. Mkuu wa kituo akamsifu. Mjomba wake, mlinzi wa geti, akambandika jina: Bi Vijiti.

"Mjomba," alisema alipofika kibandani getini, "kunguru wamejifunza vijiti."

Mjomba aliweka birika chini. "Wamejifunza nini?"

"Kwamba penye kijiti pana mayai."

"Kumbe umewafungulia hoteli, na kibao ukawawekea!"

"Mjomba!"

"Nisamehe, mwanangu. Geti ninalo, ila mdomo wangu hauna." Akamsogezea kiti. "Viota vimebaki vingapi?"

"Kimoja. Kile cha nyuma ya tuta la mchanga. Yai moja limeshaanza kupata ufa."

Mkuu angekuja Jumatatu, na neno lake walilijua: ikiwa msimu huu hatapatikana kinda hata mmoja, kamba inayozuia magari ufukweni itaondolewa, nayo yataruhusiwa kushuka mpaka majini. Huwezi kuwafungia watu ufukwe, alisema, kwa ajili ya ndege ambao hawapo.

Msichana akarudi ufukweni akaving'oa vijiti vyote, hata kile cha nyuma ya tuta. Sasa ilibidi aseme.

Hema lililokuwa karibu zaidi na tuta lilikuwa la fundi cherehani mmoja, aliyekuja na mumewe na mama mkwe wake.

"Karibu chai, dada," fundi alimwita.

"Asante. Nilikuwa... nyuma ya tuta kuna kiota. Pale, penye kichaka cha majani makavu. Tafadhali msipite."

"Mbona hakuna kijiti? Mwaka jana vilikuwepo vyekundu, vizuri kweli."

"Tumeviondoa."

"Usiwe na wasiwasi," mume alisema. "Sisi si watu wa kuacha chupa mchangani. Mama hapa hata maganda ya mayai anarudi nayo nyumbani."

"Na wewe pia narudi nawe kila mwaka," mama mtu alisema, "ingawa nimeshatafuta sana pipa la kukutia."

Wakacheka wote, naye akacheka. Hapo ndipo ilipompasa kuwaeleza habari za kunguru. Sentensi ilikuwa tayari. Lakini macho ya watu watatu, yote ya wema, yalikuwa yakimtazama, kikombe kimeshanyooshwa mbele yake, na akaona itakuwa kama kuwagombeza watu kwa kosa ambalo hawajalifikiria. Akaimeza pamoja na chai.

Mchana kutwa alikilinda kiota. Aliposimama karibu, ndege alikimbia na jua likayapiga mayai. Akarudi nyuma. Ndege hakurudi. Akarudi nyuma tena, mpaka kichaka kikawa kama kidole kwa mbali, ndipo ndege yule akaja mbio na kuyalalia. Kunguru mmoja alikuwa kwenye uzio wa kambi, na hakukitazama kiota. Alimtazama yeye. Msichana akahamia upande wa pili wa ufukwe, na kunguru akahama naye. Jioni alikwenda nyumbani huku moyo ukimdanganya kidogo kwamba kiota kimepona.

Asubuhi aliona wekundu kabla hajafika kwenye tuta.

Vilikuwa vigingi vinne vya hema, vimechomekwa kuzunguka kiota, kila kimoja kimefungwa utepe wa kitambaa chekundu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya ganda, unyevu kidogo, na nyayo zilizonyooka.

"Umeona?" Fundi alikuwa akija nyuma yake, kanga mabegani. "Jana umeondoka tu, wa hema la pili wakaanza kucheza mpira huku. Roho ilinidunda! Nikasema, dada wa watu vijiti vimemwishia, ngoja nimsaidie. Tepe nimezikunja pindo, upepo usizichane."

Msichana aligeuka haraka, akasimama kati yake na kiota. Akaushika utepe mmoja. Pindo lilikuwa jembamba, mishono imelingana kabisa, kazi ya mkono.

"Zimekaa vizuri?" fundi aliuliza.

"Zimekaa vizuri sana. Asante, dada yangu."

"Wakitoka makinda utatuonyesha?"

"Nitawaonyesha."

Jumapili, familia ile ilipokuwa ikifunga mizigo, aliwapelekea vigingi vyao vinne, na tepe zimekunjwa vizuri.

"Ah, umeving'oa? Wametoka?"

"Ni vyenu," alisema. "Huku hakiachwi kitu."

Fundi akampungia mkono wa kwaheri mpaka gari likapotelea getini.

Jumatatu mkuu alifika, akauliza swali moja, akajibiwa. Mchana, mjomba alishika upande mmoja wa kamba, naye upande mwingine, wakawa wanaikunja huku wakiing'oa miti yake mmoja mmoja. Mjomba hakutania. Kunguru alishuka kutoka kwenye uzio, akawafuata kwa miguu. Kila mti ulipong'olewa alichungulia ndani ya shimo lake, kisha akainua kichwa na kumtazama msichana, akingoja aende mbele.