Swali Moja kwa Siku

Mfumo wetu wa hospitali ulikuwa mmoja, umezeeka, na ulifanya kazi. Akaja mkuu mpya wa idara ya kompyuta, tuliyembatiza Bwana Vipande, akaukatakata kuwa huduma ndogo sabini na mbili. Mbele ya huduma hizo akaweka lango, programu ya kuhesabu nani anauliza nini. Jina la mgonjwa likakaa huduma hii, umri wake ile. Ukitaka kujua mtu anaumwa nini, unapiga hodi mara tisa.

Hesabu za lango zilionekana kwenye skrini kubwa ukutani, naye alizikodolea macho kutwa nzima. Huduma inayoulizwa sana ilipakwa kijani. Isiyoulizwa ilizimwa Ijumaa.

"Hii ya orodha ya kusafishwa damu inaulizwa mara moja tu kwa siku," aliniambia Jumanne. "Izime."

Mimi ndiye niliyeiandika, na moyo uliniuma. Nikafuatilia ni nani anayeuliza, nikampata kwa simu: muuguzi wa kliniki ndogo nje ya mji.

"Tuna kompyuta moja tu, dada," alisema. "Asubuhi inauliza nani anasafishwa damu leo, na kwa mashine ipi. Ni watu kumi na wanane. Mtu akikosa zamu mbili tatu, tunamzika."

Nikarudi kwa bosi mbio, nikamweleza. Akanitazama kwa huruma, tena akinihurumia mimi, si wagonjwa.

"Hao ni wagonjwa. Mimi naongelea maswali, na swali ni moja. Wajaze fomu ya kuomba huduma nyingine, waambatishe mchoro wa mfumo wao."

"Mfumo wao ni kompyuta iliyo juu ya friji ya dawa, bosi."

"Basi waichore."

Nilikasirika. Nikakaa nikaandika kijiprogramu cha mistari sita, kikauliza kwa jina la kliniki nani anasafishwa damu leo, mara elfu mbili kwa saa, bila haja yoyote ya kujua. Kufikia Alhamisi ukuta ulikuwa kijani kitupu.

"Huduma inapendwa hivi," Bwana Vipande alituuliza kikaoni, "nani alitaka kuizima?"



Ijumaa ikapita salama. Jumatatu nikakuta ameiundia timu ya watu wanane, nao wameshaikata vipande vinne. Huduma kubwa namna hiyo, alisema, haiwezi kubaki moja.

Kompyuta ya kliniki ilijua kuuliza mahali pamoja tu, pale pa zamani. Nikampigia muuguzi, nikaanza kuomba radhi hata kabla ya salamu.

"Usijali, dada. Kompyuta ilipogoma tulichukua daftari, tukapanga majina kwa kalamu. Wote tumewahudumia. Ila tumepata barua ya pongezi kutoka kwenu, eti tunaongoza kwa kuuliza maswali. Mnataka tuje tuwafundishe wenzetu wa hospitali nyingine tunavyofanya. Tuje na nini?"

"Njooni na daftari," nilimwambia.