Maombi ya Kufunga Mwaka

Mwaka ule Mama Fundi hakushona gauni la harusi hata moja. Kazi yake yote ilikuwa kupunguza. Kina mama walileta sketi zikazwe kiuno, waume zao wakaleta suruali, na watoto wa shule wakakunjuliwa pindo za sare kuukuu kwa sababu mpya hazinunuliki. Mtu anayeshinda barazani na cherehani hahitaji redio imweleze nchi inaendaje. Anazungusha futi kiunoni mwa jirani, basi. Redio ilisema nchi imetulia. Kweli ilitulia, kama anavyotulia mtoto aliyezibwa mdomo.

Mmoja tu ndiye aliyeleta suruali ipanuliwe, naye ni Mwenyekiti wa mtaa.

Alikuja kuichukua mwaka ukielekea ukingoni, akajiketia kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. Alisoma darasa moja na marehemu mume wa Mama Fundi, na tangu mazishi hakuacha kumwita shemeji.

"Shemeji, Jumamosi tunafunga mwaka. Mgeni rasmi anatoka juu huko. Utatufungulia mkutano kwa maombi, kama kawaida yako."

"Sawa."

"Ila safari hii usirefushe maneno. Mshukuru Mungu kwa utulivu, waombee viongozi, ukae. Maswali hakuna, na wananchi hawahutubu."

"Na maombi nayo mnayapangia?"

"Napanga muda, shemeji. Mungu simpangii." Akacheka peke yake.

Mama Fundi alimkunjia suruali yake vizuri. "Nimekuachia vidole viwili. Ukizidi hapo, kitambaa kimeisha."

Alipoondoka, kitindamimba wake Mama Fundi alitoka ndani akiwa ametanguliza sikio la kulia, kama alivyozoea siku hizi.

"Mama, usiende kumbariki yule."

"Nani kakuambia nitambariki?"

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kuomba. Si nimeambiwa niombe."

Kijana akatikisa kichwa, akarudi kwa redio zake. Alikuwa fundi wa redio na spika, fundi wa kuaminika, mpaka vijana walipoingia barabarani kuulizia bei ya mkate. Kosa lake lilikuwa kuwatengenezea wenzake kipaza sauti. Asubuhi ile mama yake alikuwa hapo hapo cherehanini, anauma uzi. Askari walifika, wakasimama katikati ya njia, hawajui wagonge wapi. Mwenyekiti alikuwa ameegemea nguzo ya umeme. Hakutamka neno. Aliinua kidevu tu, akakielekeza mlango huu, kisha akatazama pembeni kama mtu anayengoja gari. Wakamchukua kijana. Mvua zilianza, zikaisha, ndipo mtoto aliporudi, sikio la kushoto limekufa kwa kipigo. Sasa mteja akimletea spika inayokoroma, humwomba mtu mwingine amsikilizie.

Mwenyekiti alidhani hakuonekana. Hata pole alikuja kutoa.

Mama Fundi hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu, kila alfajiri, magoti sakafuni, na hakumzungusha. Alisema: nikishalipwa ndipo uniletee habari za kusamehe, kabla ya hapo usinisumbue. Hakuona kuwa ni dhambi. Alichokuwa hajakipata ni mahali pa kulisema jambo lake mbele za watu, maana mwaka ule kila aliyeinuka kusema aliambiwa akae chini.

Jumamosi darasa la shule ya msingi lilijaa mpaka madirishani. Wageni walikalia viti vya plastiki, wenyeji wakabanana kwenye madawati ya watoto. Askari wawili mlangoni. Mwenyekiti alivaa ile suruali, imemkaa sawasawa. Akamkaribisha "mama yetu mcha Mungu", wote wakasimama.

"Tufumbe macho," alisema Mama Fundi.

Yakafumbwa. Mgeni rasmi alivua kofia. Askari nao waliinamisha vichwa.

"Baba, tunakushukuru tumeufikia mwisho wa mwaka."

"Amina."

"Wapo ambao hawakuufikia. Hao unao wewe."

"Amina," watu wakaitika, chini kidogo.

"Nimeambiwa nikushukuru kwa utulivu. Wewe unajua umetuliaje. Mwaka huu nimepunguza viuno vya mtaa mzima, nikapanua kimoja."

Nyuma kabisa mtu aliguna, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alifumbua jicho moja, akamtazama mgeni rasmi. Mgeni alikuwa amefumba macho yake kwa unyenyekevu. Nani angekata maombi? Mtu anayeuliza swali hukalishwa. Anayeongea na Mungu hungojwa amalize.

"Baba, siku ile askari walipopotea njia, aliyewaonyesha mlango wangu hakutumia mkono wala mdomo. Aliinua kidevu. Alikuwa kwenye nguzo ya umeme, na mimi nilikuwa pale uliponiweka, kwenye cherehani. Anaitwa Mwenyekiti."

Hakuna aliyeitika.

"Sikuombi umuue. Akifa atapumzika. Mwache aishi sana. Atafute usingizi kama nilivyoutafuta. Mlango wake ukigongwa, ashtuke. Mpe alichotupa, usimpunguzie hata uzi mmoja."

"Amina," alisema muuza mkaa, mwanamke mwenye sauti nzito, naye mwanawe hajarudi mpaka leo. Kisha darasa zima, kwa nguvu: "Amina."

"Maombi haya mimi siyafungi, Baba. Mimi ni mlalamikaji. Atayafunga Mwenyekiti wetu, kwa kinywa chake."

Akanyamaza. Watu walibaki wamesimama, maana maombi hayajafungwa. Mgeni rasmi akangoja. Akangoja tena, akafumbua macho, akamgeukia mwenyeji wake. Darasa zima lilikuwa limeshamgeukia.

"Mwenyekiti, tumesimama," alisema muuza mkaa. "Miguu hii si ya kuazima."

Jasho lilimtoka yule bwana mpaka kwenye kola. Kukataa ni kukiri. Kukubali ni kujiapiza.

"Amina," akasema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Mama Fundi ndiye aliyetangulia kuketi.

Mwaka mpya ulipoingia, mtaani hapakuwa na Mwenyekiti tena. Palikuwa na Kidevu. Akipita, watu walisalimiana kwa kuinua videvu. Akafuga ndevu. Muuza mkaa alisema, "Kakivalisha koti." Mkewe akaanza kuwaambia majirani kwamba bwana hapati usingizi, upepo ukisukuma mlango anainuka na kukaa kitandani.

Asubuhi moja alikuja barazani, suruali ile ile inamning'inia. Safari hii hakuketi.

"Shemeji, niombee kwa Mungu. Yatengue yale. Nimechoka."

Mama Fundi alikuwa anapinda gauni, amebana pini mdomoni. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, taratibu, kama anayempima. Hakuzitoa pini. Aliinua kidevu, akakielekeza mlango wa ndani, ambako kitindamimba alikuwa ameinamia redio.

"Nimwombe yeye?"

Akasogea mlangoni, akaita kwa sauti ndogo. Kijana alikuwa amempa upande wa kushoto.

Mama Fundi angeweza kumwambia azunguke kulia. Alikanyaga cherehani, ikanguruma, akaendelea na pindo lake, na yule bwana akaendelea kuita.