Mshale Uliokataa Kutulia

"Usimpe kwanza," daktari wa mifugo alisema kwenye simu. "Ana kilo ngapi?"

Mnunuzi wa vyuma chakavu alimtazama mtoto wa mbwa aliyelala kwenye gunia, tumbo limevimba kama mpira, mbavu zote nje. Mkononi alishika kidonge cha minyoo alichopewa na mlinzi wa ghala la jirani, mwenye jibwa kubwa kama ndama.

"Kadogo tu, daktari. Nimekakadiria kwa macho."

"Acha hicho. Bila dawa hafiki wiki ijayo, lakini ukimzidishia hafiki jioni. Mpime, uje naye."

Mkewe alikuwa akichuna nyaya pembeni, akacheka. "Mwanaume huyu! Unagombana na watu kwa robo kilo ya shaba, halafu kiumbe wa watu unamkadiria."

Mume akainuka. Akashusha injini ya pikipiki kwenye ndoana ya mzani, akatundika ndoo, akamlaza mtoto wa mbwa ndani. Mshale ukapanda kidogo. Akangoja utulie.

Haukutulia. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kila alipovuta pumzi yule mtoto wa mbwa. Miaka yote alipima vitu vilivyokufa, na havikuwahi kumtikisia mshale. Akainamia ndoo.

"Mama watoto, hebu njoo uone."

Mkewe akaja na mikono yake myeusi, akatazama, kicheko kikamwisha.

"Jamani," akasema taratibu. "Kumbe ni mtu kabisa."

Walikaa pale mpaka mteja akakohoa. Kisha mume akatoa uzito wa ndoo, akaenda kwa daktari.

Daktari alivuta dawa ya maji kwa bomba lisilo na sindano, akamwachia mwenyewe aitie. Pembeni mwa mdomo, polepole, asije akapaliwa. Mikono iliyozoea nyundo ikasukuma bomba tone kwa tone. Mtoto akameza, akamlamba kidole, na yeye akaona haya machozi yalivyomjia.

"Minyoo itatoka, usishtuke," daktari alisema. "Zika kinyesi, nawa mikono, watoto wasikiguse. Akitapika au akilegea, mlete mbio. Na baada ya wiki mbili mrudishe apate nyingine."

Asubuhi minyoo ilikuwa imetoka kweli, mingi, myeupe. Alishangaa mwili ule mdogo uliwezaje kulisha jeshi lile na bado ukabaki hai. Akaizika, akanawa kwa sabuni mara mbili.

Aliporudi, lori lililojaa mabati lilikuwa linaingia. Mtoto wa mbwa alikuwa amesimama katikati ya lango, miguu ikimcheza, akibweka kwa mara ya kwanza.

Dereva akazima injini.