Shilingi Tatu za Kimya

Mchana ulipokuwa umekolea, mabenchi ya kanisa yalijaa uani kwa Wasike, katika landhi za Nakuru, nyumba za wafanyakazi wa reli. Wasike alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye karakana ya injini akaenda moja kwa moja kubeba mabenchi hayo. Sasa alisimama mlangoni, macho mekundu, akimkaribisha kila mtu kwa sauti ileile iliyochoka.

Mfuko wa mchango ulikuwa wa akina mama wa kanisa. Waliuanzisha ili mwenye kansa asikae nyumbani akingoja tu. Nanyama, mke wa Wasike, ndiye angekuwa wa kwanza kupelekwa Nairobi. Uvimbe ulikuwa kwenye titi, na daktari alikuwa amesema usicheleweshwe. Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na kibali cha kukusanyika kingeisha saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyejua kingine kingepatikana lini.

Sheria ya chai ya mchango kama hiyo ilijulikana na wote. Anayetia pesa kwenye karai anaamuru: fulani aimbe, fulani asimame, fulani akae. Amri yake inadumu hadi mwingine atie zaidi.

"Karani wa stoo ametoa sumni, Mama Truphosa asimame tumwone," alitangaza Omolo, mchochea makaa wa reli ambaye siku hiyo ndiye aliyesimamia mchango.

Nanyama alisimama. Watu walipiga makofi.

"Shilingi, aimbe," alisema jirani yao Eucabeth, birika mkononi.

Aliimba ubeti mmoja. Binti yake Truphosa, mwalimu aliyemaliza mafunzo mwaka huo, aliuona mkono wa mama yake ukishika mti wa kamba ya nguo. Alikwenda akatia shilingi na sumni.

"Mama akae."

"Mwalimu amemnunulia mamake kiti," alisema Omolo. "Mtamwachia hivyo? Karani, ama mshahara ulibaki kwa baa?"

Walicheka, na karani akaenda na shilingi mbili. Asimame tena, aimbe ule wimbo mwingine. Alisema hivyo kwa upendo. Wote waliipenda sauti ya Nanyama.

Truphosa alimwinamia mama yake. "Nitawaambia umechoka."

"Usiwaambie. Nikikaa wanakunywa chai. Nikisimama wanatoa."

Akaimba. Mwishoni sauti ilikatika, akajifanya anakohoa. Kisha akanyoosha mkono.

"Truphosa, nipe shilingi tatu."

Alizichukua, akajikokota hadi kwenye karai, akazitia.

"Nanunua kimya."

"Kimya ya nani, mama?" aliuliza Omolo.

"Yenu wote. Na wewe wa kwanza."

Kicheko kilikuwa kikubwa, kisha kikafa. Nanyama aliketi, akaegemeza kichwa ukutani. Omolo alilitazama jua, akashusha sauti.

"Mama, saa imeenda. Watu wakinyamaza, hawatoi."

"Mwenye kutaka kuongea alipe," alisema Nanyama akiwa amefumba macho.

Karani aliingiza mkono mfukoni. Alimtazama Nanyama, ambaye mdomo wake ulikuwa umeanza kulegea kwa usingizi, akautoa mkono mtupu. Kule stesheni mabehewa yaligongana. Hakuna aliyesema kitu, na hakuna aliyetoa kitu.

Truphosa alilitazama karai. Chini ya sarafu bado bati lilionekana. Kwenye leso yake alikuwa amebakiwa na shilingi nne. Angeweza kuivunja amri. Angezitia na kusema, mama aamke, aimbe, na mifuko ingefunguka tena. Alijichukia kwa kuwaza hilo, lakini aliendelea kuwaza.

Hapo akainuka Kipkoech, mkamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu mmoja kule Dundori, ambaye ndiye aliyeleta maziwa ya chai. Alikuwa hajatoa kitu tangu aje. Alivua viatu, akapita kati ya mabenchi akivishika mkononi.

"Unaamuru nini, bwana?" Omolo alinong'ona.

"Ile ya mama," alisema Kipkoech. "Isiishe."

Akailaza sarafu kwenye karai kwa vidole viwili, isilie. Eucabeth akavua kitambaa chake cha kichwa, akakitandika ndani ya karai. Karani akafuata, na nyuma yake mke wa fundi, na nyuma yake wengine, viatu mkononi.

Askari aliyetumwa kuusimamia mkutano aliingia kwa mlango wa nyuma, akafungua kinywa kusema muda umekwisha.

"Polepole, afande," Omolo alimwambia sikioni. "Hapa kuongea ni pesa."

Askari alimtazama Nanyama. Alimtazama Wasike pia, aliyekuwa ameteleza taratibu hadi kukaa kizingitini, naye amelala. Akarudi nje kungoja.

Truphosa hakujua kama pesa zingetosha. Aliinuka, akaenda kusimama mwisho wa mstari, akaanza kufungua fundo la leso.