Meza ya Tano

Marehemu mume wangu aliomba azikwe ukingoni, pale bonde linapofunguka lote mpaka mtoni. "Msije mkaniweka nyuma ya choo," alisema. "Nimechomea nyama nyuma ya choo maisha yangu yote." Tukamzika ukingoni. Na ndipo hapo hapo wageni wanapopapenda. Mwisho wa juma wanakuja kupanda kilima, wakishuka wana njaa, wanakula kwetu huku wakitazama bonde. Mimi napika, binti yangu anahudumia.

Kosa lilikuwa la fundi, ingawa na sisi tulikuwepo. Tunamwita Fundi Kesho, maana ukimuuliza kazi itaisha lini, jibu lake ni hilo. Alikuwa anatujengea meza nne za saruji zenye vigae vya bluu, msiba ukamkuta katikati ya kazi. Akalijenga kaburi kwa vipimo alivyokuwa navyo mkononi, akalivika vigae vile vile. Msalaba na jina akasema kesho. Sisi tulikuwa tunalia, nani angetazama vigae?

Jumamosi moja nikatoka jikoni na sinia la viazi, nikakuta familia imemzunguka mume wangu. Kuku katikati, soda kila kona. Bibi yao, mtu wa umri wangu, ameegemeza kiwiko pale pale nilipopiga magoti alfajiri nikisali.

Binti akanijia mbio. "Mama, wanamwagia baba pilipili!"

"Nimeona."

"Umeona na umesimama? Naenda kuwainua."

"Mtu hainuliwi na tonge mdomoni. Wapelekee viazi vyao."

"Siendi ng'o."

Nikapeleka mwenyewe. Yule bibi akapangusa kigae kwa kiganja, taratibu, ndipo akaliweka sinia.

"Ahsante, dada. Meza hii mmeipatia mahali! Mtu anaweza kukaa hapa asiondoke."

"Aliyepachagua hajaondoka," nikamwambia. Akacheka, akadhani namtania.

Jumatatu binti akamwita fundi. Alitaka ukuta wa matofali, mrefu kuliko mtu, pande zote nne. Fundi akaja na mchanga wake, akashusha koleo.

Nilikuwa nimesali juu ya jambo hilo siku mbili na sikupata jibu la haraka. Nikimzungushia ukuta, ombi lake nimelifanya nini? Ataona bonde kupitia matofali? Nikimwacha vile vile, basi ndiyo mwisho wake. Wajukuu walikuwa wameshaanza kusema meza ya tano. "Bibi, mpira uko nyuma ya meza ya tano." Siku moja na mimi mdomo ungeteleza. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kuliko pilipili.

"Mama," fundi akasema, "binti yako anasema ukuta, wewe umeninyamazia. Nichanganye saruji, au nirudi kesho?"

"Leo hii. Kwanza nijibu, jina lake liko wapi?"

Akajikuna kisogo. "Siku ile niliona aibu kuuliza linaandikwaje. Mlikuwa mnalia."

"Basi leo hatulii. Weka msalaba kichwani, na jina lake kubwa, litazame njia. Ukuta sitaki."

Binti akatupa kitambaa cha meza begani. "Jina halimzuii mtu kukaa!"

"Halimzuii. Ila atajua amefika kwa nani."

"Kwa hiyo baba aendelee kuwa kibanda cha chipsi?"

"Baba yako alikuwa mwenye kibanda cha chipsi, mwanangu."

Akaingia ndani. Masufuria yaligongana humo mpaka jioni, na sikumfuata. Fundi alimaliza kabla jua halijazama. Sijawahi kuliona hilo tangu nimjue.

Jumamosi iliyofuata akaja msichana mmoja, viatu vimejaa tope la kilimani, akaenda na bakuli lake moja kwa moja ukingoni. Akainama aliweke. Akasoma. Akaruka nyuma, supu yote ikamwagika nyasini.

"Jamani, nisameheni! Wallahi sikujua!"

Binti yangu alikuwa karibu kuliko mimi, mikononi ana glasi. Nikaona mdomo wake unafunguka, nikasema moyoni, ee Mungu, leo tutafukuza wageni.

"Hujakosea," akamwambia. "Kaa hapo pembeni yake, kwenye nyasi. Baba alikuwa hapendi kula peke yake."

Kisha akageuka kwangu. "Mama, supu nyingine."

Nikaenda kupakua.